Alibebeshwa Kichwani

Nilipokuwa mtoto, aliyetaka habari za vita alikaa kimya karibu na wazee mpaka waropoke wenyewe. Siku hizi mjukuu ananisogezea simu mdomoni kama ananipima homa: "Bibi, simulia." Nimekataa. Nimechukua daftari, na mwandiko wa darasa la nne mtauvumilia.

Tulikuwa tunashuka tambarare, chini ya Himo, kukata majani ya ng'ombe. Huko ndiko Mjerumani na Mwingereza walikopigana, na huko ndiko babu yangu alikofia, amebebeshwa risasi za watu asiowajua. Mwili haukurudi. Mkewe, yaani bibi yangu, alikuwa na onyo moja: "Ukisikia mtu anasema nitue na humwoni, funga mdomo. Wale walikufa na mizigo. Ukiwajibu, wanakupa wewe."

Mchana mmoja, jua la utosi, nilikuwa nimeachwa nyuma na wenzangu, mzigo kichwani. Nikasikia nyuma yangu: "Nitue." Sasa mtoto aliyelelewa afanyeje? Kila siku tulituana na kutwishana njiani. Nikajibu, "Subiri, nakuja." Nikageuka. Majani matupu, na joto linachezacheza juu yake. Nilifika nyumbani shingo imekaza kama mpini wa jembe.

Bibi alinikanda kwa mafuta ya moto huku akinisema. "Masikio yako ni ya kutundikia hereni tu? Mama gani huyo aliyekuita?"

"Siyo mama. Ni sauti ya mwanamume."

Mkono wake ukasimama. Kwetu mwanamume habebi kichwani. Huo ni mzigo wa mwanamke; yeye ataweka begani, au ataacha. Wanaume waliobebeshwa kichwani ni wale wa vita tu.

Kesho yake Bibi alikwenda mferejini, wanakochota maji majirani wote, akasema kwa sauti: "Mume wangu bado amebeba. Na mliniambia alikufa kitandani, akaombewa."

Aliyemwambia hivyo alikuwa jirani yetu, Mzee Ndesario, mnyapara wa wapagazi katika vita ile. Hazikupita siku mbili. Aliingia uani kwetu ameshika sale, lile jani letu la kuombea msamaha, ambalo ukiletewa huwezi kulikataa. Mwanawe wa mwisho, Eliamini, alikuwa amemshika mkono asianguke.

"Mama Anaeli," mzee alisema, akimwita Bibi kwa jina la baba yangu, "hakufa kitandani. Risasi zilipoanza aliniomba nimtue akimbie. Mzungu alikuwa ananitazama. Nikamwambia, tembea."

Bibi alilipokea lile jani. Nilidhani yamekwisha.

"Nimekusamehe hilo," akasema. "Sasa niambie la pili. Mimi nilikuwa na Anaeli mgongoni, hajaota jino. Mangi, mtawala wetu, hakuwa akichukua baba wa mtoto mchanga. Zamu ile ilikuwa ya nani?"

Mzee akatazama chini.

"Sale yako ninayo mkononi, Ndesario. Sema."

"Ya Eliamini."

Eliamini akauachia ule mkono. Alitoka uani, na baba yake akabaki ameshikilia mgomba.

Watu wa kanisani huniambia lilikuwa jua, na shingo ilibanwa na mzigo mkubwa kuliko mimi. Inawezekana. Nilikuwa na miaka tisa. Lakini Ndesario hakuuliza kama ni jua. Nadhani alikuwa akiisikia sauti ile kabla sijazaliwa.

Eliamini alihamia mjini, mtaa wa Pasua. Kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, kwetu ni cha mwana wa mwisho, naye alikikataa; kahawa ikamezwa na magugu, mzee akawa anapikiwa na majirani. Alipokufa tulimsubiri mwanawe mpaka mchungaji akachoka kusimama, kwa sababu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa marehemu. Hakuja.

Bibi akamsukuma baba yangu mgongoni. "Nenda katupe wewe."

Baba akachota udongo, akatupa.