Mnyoo Katika Dagaa wa Siki

Tangu utotoni Evanthia alikuwa mtu wa kinyaa. Utando juu ya maziwa ya moto ulitosha kumkimbiza uani. Akiona unywele mmoja kwenye supu, siku hiyo hali tena. Mama yake alikuwa akimsimanga: "Wewe mtoto, na pua hiyo, utaolewa na nani?" Akaolewa na Vaios, mpaka rangi wa meli bandarini Volos, Ugiriki, mwanamume mpole asiyejua kununa. Kwa bahati mbaya, pamoja na Vaios aliolewa na jiko la shemeji yake.

Shemeji huyo, Stergios, kaka mkubwa wa Vaios, alikuwa na kilabu nyuma ya bandari ambako watu huketi mchana kutwa wakinywa tsipuro, pombe kali ya zabibu. Kila chupa ndogo huja na kisahani chake: pweza, biringani, kome. Kisahani kilichomletea Stergios sifa kilikuwa dagaa wa siki. Huchanwa wabichi, huchomolewa mfupa, hulazwa kwenye siki na chumvi mpaka nyama igeuke nyeupe, halafu humwagiwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu. Hawakaribii moto hata kidogo. Yalikuwa mapishi ya marehemu mama mkwe, na mchanaji alikuwa Evanthia.

Shule aliiacha mapema, baba yake alipougua, na jambo hilo lilimkaa kooni miaka yote. Alitaka kujua mambo. Zaidi ya hapo alitaka kuandika, ingawa hakumwambia mtu. Kwa hiyo mkutubi wa maktaba ya mtaa, Bibi Polyxeni, alipoanzisha darasa la watu wazima la kujisomea kwa programu ya daftari kwenye kompyuta, Evanthia alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Programu yenyewe haikuwa na maajabu. Unaandika kadi, unaipa jina, na ndani yake unataja kadi nyingine. Ukigusa jina hilo unafika huko, na kule nako unaonyeshwa kadi zote zinazoitaja kadi hiyo. Hivyo tu. Aliipenda siku ile ile.

"Zinaitwa viungo," alimweleza Vaios mezani. "Kadi moja inaungana na nyingine."

"Viungo? Basi tia na bizari."

"Cheka tu."

"Sicheki, mke wangu. Nauliza kama kinapikwa."

Miezi ya mwanzo alijaza kadi kama mtu anayeweka akiba ya vita. Chochote alichokisoma mtandaoni alikinakili kizima kizima na kukiunganisha na kila kitu. Alipomwonyesha Bibi Polyxeni alitarajia kusifiwa. Mkutubi alivaa miwani, akasoma kadi kadhaa.

"Haya ni yako, dada?"

"Nimeyatoa kwenye mtandao."

"Sikuuliza umeyatoa wapi. Hebu nieleze hii ya chumvi. Usitazame kioo cha kompyuta."

Evanthia alianza sentensi moja, akachungulia kioo.

"Umekusanya, hujajifunza," alisema Bibi Polyxeni, bila ukali. "Kadi moja, jambo moja, kwa maneno yako mwenyewe, hata yakiwa mabovu. Ukimaliza jiulize linagusana na lipi ulilokwisha kuandika. Kama hujui kwa nini linagusana, usiliunganishe."

Usiku huo huo alizipitia zile kadi. Zilimkumbusha kichujio cha sinki la kilabu wakati wa kufunga: vipande vya vyakula vya watu wengine, vimelowa, vimepoa, vimeshikana. Akazifuta zote. Akaanza upya na vitu alivyovijua kwa mikono yake. Aliandika siki ni nini na chumvi hufanya nini ndani ya nyama. Alipofikia viungo vya mwili, kadi ya kidole tumbo aliiandika kwa kumkumbuka Vaios, aliyepasuliwa mwaka mmoja kabla. Kwenye kadi ya siki aliandika, kwa kuwa ndivyo alivyosikia tangu aolewe: "Siki huua kila kitu kilicho hai."

Sasa, asubuhi moja alikuwa jikoni akichana dagaa. Alipasua tumbo la mmoja kwa kidole gumba, na kwenye ukingo wa utumbo akaona kitu cheupe kimejikunja kama springi ya saa. Alidhani ni mshipa. Kikajikunjua. Kikainua kichwa, kama kinanusa hewa.

Evanthia alitapika ndani ya ndoo ya vichwa vya samaki, na alipoona anatapikia nini, akatapika tena.

Stergios aliingia akipangusa mikono. "Kuna nini? Una mimba uzee huu?"

"Mnyoo, shemeji! Yuko hai!"

Stergios aliinama, akamchomoa yule mnyoo kwa ukucha, akamtazama kama mtu anayetazama uzi kwenye koti, akampaka kwenye aproni yake. Kisha akamtupa dagaa kwenye sinia la siki pamoja na wenzake.

"Hiyo ni nyama tu. Tena ya bure," alisema. "Siki itamaliza kazi. Mama aliwaandaa hivi maisha yake yote. Umeona mtu amekufa?"

Aproni ile aliendelea kuivaa siku nzima. Evanthia kila alipoigeukia aliona alama ndogo inayong'aa karibu na mfuko, akageuza uso.

Mtu mwingine angeacha kula samaki, yakaisha. Yeye alikwenda nyumbani akafungua daftari lake. Aliandika kadi ya kwanza: "Leo nimemwona mnyoo. Ni mweupe. Hujikunja." Akasoma, akaandika nyingine. Kumbe mnyoo yule akishakomaa huishi tumboni mwa nyangumi na pomboo, na mayai yake hutoka na kinyesi chao. Vijidudu vya baharini mithili ya kamba wadogo huyala, samaki huwala kamba, na pomboo humla samaki, na mduara ukafungwa. Mwanadamu hayumo kabisa kwenye safari hiyo. Mnyoo akijikuta ndani ya mtu huwa amepotea njia, naye hutafuta mlango kwa kutoboa ukuta wa tumbo.

Jambo la ajabu ni kwamba kadi zilivyozidi, ndivyo mnyoo alivyopungua kumtia kinyaa. Aliweza kumtazama kwenye picha huku anakunywa kahawa. Pomboo ndiye aliyeanza kumchukiza, yeye ambaye utotoni alikuwa na picha yake ukutani.

Kisha akakuta kwamba siki haimuui. Mnyoo anaweza kukaa siku nyingi kwenye siki na chumvi akiwa mzima. Moto humuua, na baridi kali ya friza kwa muda wa kutosha. Siki humwosha tu.

Ikabidi asahihishe kadi ya siki. Aliifungua, akafuta ule mstari, akaandika ukweli. Chini yake programu ikampangia, kama kawaida, kadi zote zinazogusana nayo. Kulikuwa na kadi ya dagaa wa mama mkwe. Akaigusa hiyo. Chini ya hiyo kukawa na kadi ambayo hakukumbuka hata kwa nini aliiunganisha: kidole tumbo. Akaisoma. "Cha Vaios kilikatwa. Daktari alisema walikikuta kizima, hakina kitu. Maumivu yalianza siku ya pili baada ya Jumapili ya Matawi. Tulikuwa kwa Stergios, alikula sana."

Jumapili ya Matawi ni siku ya jina la Vaios, ambayo Wagiriki huisherehekea kama siku ya kuzaliwa, na siku hiyo watu wote hula samaki. Evanthia alikumbuka vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyejaza kisahani cha mumewe, akakipangusa ukingo, akakijaza tena. Alitazama mikono yake juu ya vibonyezo. Akainuka kwenda kuinawa kwa sabuni, akarudi, akaenda kuinawa tena.

Vaios alipoambiwa aliweka uma chini.

"Unasema nilikula mnyoo."

"Huenda."

"Mnyoo akanila mimi."

"Huenda, Vaios."

"Na tumbo langu wakalichana bure."

Walikwenda kumuuliza daktari mmoja. Akasikiliza kwa adabu, akasema inawezekana, dalili hufanana sana, lakini baada ya muda wote huo hakuna wa kulithibitisha. Vaios aliridhika na jibu hilo. Evanthia lilimwasha kama sufi kwenye ngozi.

Alimfuata Stergios kilabuni mchana, watu wakiwa wachache.

"Shemeji, nunua friza. Wagandishe kwanza, ndipo uwaloweke. Utamu haupotei."

"Friza!" Stergios aligeukia meza ya jirani, alikoketi mzee mmoja mteja wake wa kila siku. "Mmesikia? Shemeji yangu amesoma kompyuta, sasa anataka niwauzie barafu."

"Nakuomba. Na mdogo wako je? Alipasuliwa!"

"Mdogo wangu ana tumbo la kitoto tangu azaliwe. Mimi nimewala hawa kabla sijaota meno." Aliinua kisahani, akampanga dagaa mmoja aliyekuwa amelala upande, kwa kidole gumba, mafuta yakamfika kwenye kiungo cha kidole. Akakilamba kidole, akamnyoosha na wa pili kwa kidole hicho hicho, akakiweka kisahani mbele ya mzee. "Karibu, baba. Wa leo hawa."

Evanthia alivua aproni, akaiacha juu ya kiti. Baadaye alipata kazi katika jiko la shule, kupika dengu na maharage, na hakurudi kuchana samaki.

Lakini kabla ya hapo aliandika. Alizipanga kadi zake kwenye kioo moja baada ya nyingine: pomboo, kamba, dagaa, siki, tumbo, friza. Akaona nusu ya kazi imeshafanyika siku nyingi bila yeye kujua. Iliyobaki ilikuwa kuzishona ziwe makala. Alimpelekea Bibi Polyxeni kwanza.

"Ni nzuri," alisema mkutubi. "Ila hapa katikati unamtukana mtu. Kidole gumba, aproni, kulamba. Ya nini?"

"Ndiyo yaliyotokea."

"Najua. Lakini msomaji atamkasirikia huyo, amsahau mnyoo."

Evanthia aliyaondoa kwa shingo upande. Makala ikatoka kwenye gazeti la mtandaoni la mjini, bila jina la kilabu chochote. Kufikia jioni kila mtu alikuwa amekitaja cha Stergios. Wengine walimshukuru. Wengine walimwandikia kwamba amewaharibia kinywaji, kwamba babu zao walikula hivyo hivyo, kwamba mpishi akianza kusoma ni hatari kwa nyumba. Dukani mama mmoja alimsonya wazi wazi. Kilabu kikapoteza wateja. Stergios alikuja hadi mlangoni kwao akapiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha.

"Nyoka! Nimekulisha miaka yote!"

"Umetulisha nini, shemeji?" alijibu Evanthia kutoka ghorofani. "Sema wasikie!"

Vaios alimvuta ndani kwa mkono. Majirani walicheka, na Stergios akaondoka akitema mate.

Zikapita wiki kadhaa. Siku moja Vaios alirudi kutoka kazini anacheka. "Twende kwa kaka, ukaone. Usiulize."

Pale mlangoni palikuwa na bango jipya lenye picha ya Stergios amekunja mikono kifuani. Chini yake maneno makubwa: DAGAA WETU HUGANDISHWA KWANZA. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, mistari mitatu ambayo Evanthia aliitambua kama mtu anavyotambua nguo zake kwenye mwili wa mwingine. Ilikuwa yake, neno kwa neno, kutoka kwenye makala. Ilikuwa imewekewa sahihi ya Stergios.

Ndani hapakuwa na kiti kitupu.

"Shemeji!" Stergios alimpokea mikono wazi, akamkumbatia kwa nguvu mpaka Evanthia akanusa siki shingoni mwake. "Jamani, huyu ndiye msomi wetu! Mimi siku zote nilikuwa nikisema siki peke yake haitoshi. Sivyo, shemeji? Sikusema?"

Alimpeleka nyuma akamwonyesha friza. Ilikuwa mpya, inafanya kazi. Evanthia alitazama kipimo cha baridi, akakiona kiko sawa. Dagaa walikuwa wamepangwa ndani, wagumu kama mawe. Kila alichokiomba kilikuwa kimefanyika. Mtu hangepasuliwa tena bure. Alijiambia hivyo, tena na tena, akisubiri furaha ije. Badala yake kilimpanda kile kichefuchefu cha asubuhi ile ya ndoo, na safari hii hapakuwa na mnyoo popote.

Aliporudi mezani alimkuta Vaios ameketi na rafiki zake wa bandarini, kisahani mbele yake. Alikuwa anatafuna.

"Vaios!"

"Si wamegandishwa?" Mafuta yalimng'aa kwenye masharubu. "Wewe mwenyewe umeandika. Keti, ule mmoja, kaka atafurahi."

Kidole gumba cha Stergios kilikuwa tayari kinapanga kisahani cha pili, kwa ajili yake. Evanthia alisema kichwa kinamuuma, akatoka, akatembea hadi nyumbani kwa njia ya gati.

Vaios alirejea jua likizama, amechangamka, anaimba kidogo. Aliinama kumbusu mkewe aliyekuwa ameketi mbele ya kompyuta.

"Kapige mswaki," alisema Evanthia, bila kugeuka.

"Lakini walikuwa wa friza!"

"Kapige mswaki, Vaios. Na masharubu uyaoshe."

Alimsikia akicheka peke yake bafuni na maji yakimwagika. Evanthia alifunga kompyuta, akaingia chumbani, akauchukua mto wake na kuuhamishia upande wa dirisha, mbali na wa Vaios.