Macho ya Kiti cha Kushoto

Mkeo akikuambia "pita," utapita? Lori limekuziba, huoni kitu. Ng'ambo ya lori hilo huenda njia ni nyeupe, huenda pia kuna lori jingine linakuja mbio. Yeye anaona, wewe huoni. Utapita?

Orozali alipita. Alipita kila alipoambiwa, miaka kumi na moja, na hakuwahi hata siku moja kuuliza mara mbili.

Gari lake lilikuwa kigari cha Kijapani, rangi ya fedha, mkia mfupi, na mlango wa nyuma uliofunguka kwenda juu. Wenyewe huko Japani walikuwa wameshalitumia miaka tisa kabla halijafika Kochkor, kijijini kwetu, na usukani wake ulikuwa kulia kama wanavyotaka wao. Lakini huku kwetu magari hupita upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva wa gari kama hilo hukaa ukingoni, akitazama mitaro na punda wa watu. Anayeyaona magari yanayokuja ni yule aliyekaa kushoto kwake. Nusu ya kijiji wanaendesha hivyo, na kila gari lina mtu wake wa kushoto. Mwingine humweka mama yake, mwingine ndugu yake. Orozali alimweka mkewe, Janil.

Walikuwa na maneno mawili tu. Njia ikiwa tupu, Janil alisema, "Twende." Ikiwa haijatulia alisema, "Tulia." Hakupiga kelele, hakushika dashibodi, hakumwita Mungu. Alisema neno lake kwa sauti ileile ya kuomba chumvi mezani, na Orozali akakanyaga mafuta au akaondoa mguu.

Watu hucheka vigari vidogo. Wacheke! Hao wenye magari marefu ya vioo vyeusi, waliokuja kijijini mara moja kuahidi lami na hawakurudi, hawajui kigari kidogo kinabeba nini. Kiti cha nyuma cha Orozali kilikunjwa kikalala, na juu yake walipanda kondoo wa harusi, magunia ya viazi, jiko la chuma, na mara moja ndama aliyelamba kisogo cha Orozali njia nzima. Baridi ilipokuwa kali kiasi cha mate kuganda, betri iliingizwa ndani na kulala karibu na jiko kama mgonjwa. Shokapu zilibadilishwa mara tatu. Sehemu iliyowahi kuliwa na kutu ilizibwa na Orozali mwenyewe, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa nguzo za umeme na hakuona sababu ya kumlipa mtu kwa kazi ya nyundo.

Gari lilikuwa pia na sauti ya mwanamke. Kila lilipowashwa, binti wa Kijapani alisema jambo ndani ya dashibodi, kwa heshima nyingi, na hakuna aliyejua ni jambo gani. Janil alimjibu kila asubuhi.

"Nawe pia, mwanangu. Umeamkaje?"

"Huenda anakutukana," Orozali alimwambia.

"Kwa sauti hiyo? Wewe ndiye ungejifunza kwake namna ya kusema na watu."

Kazi ya Janil ilikuwa mazulia ya sufu. Alikata vipande vya sufu nyekundu na nyeusi kwa umbo la pembe za kondoo dume, akaviunganisha kwa mshono wa mkono, na kila Alhamisi walipeleka alichomaliza kwenye soko la Balikchi, mji ulio kwenye ncha ya ziwa. Njia ilijaa malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka machimboni, mazito, yakitambaa na kumwaga vumbi jeusi. Mwenye kigari chepesi na mke mwenye macho mazuri aliyapita matano, sita, akafika sokoni mapema na kupata mahali penye kivuli.

Mwaka huu theluji ilipoyeyuka, "Tulia" zikaanza kuongezeka.

Mwanzoni Orozali hakutilia maanani. Kisha akaanza kuzihesabu. Alhamisi moja walikaa nyuma ya lori moja tangu kijijini hadi daraja la pili, na Janil hakusema "Twende" hata mara moja. Walipofika sokoni kivuli kilikuwa kimeshachukuliwa. Alhamisi iliyofuata ikawa hivyohivyo, na jirani yao Tashtanbek, aliyewapita wote wawili pamoja na lori lao, alikuwa anawasubiri na kikombe mkononi.

"Mzee Orozali! Leo ulikuwa unalichunga lile lori? Limeshiba majani?"

"Limeshiba. Limebakisha yako."

"Hapana, kweli, kaka. Kama gari limechoka, sema. Nitakuvuta kwa kamba, kwa upole, kama ng'ombe mwenye mimba."

Watu wakacheka. Orozali naye akacheka, lakini neno "limechoka" lilimwingia. Gari halikuwa limechoka. Aliyechoka, aliwaza, ni Janil. Uzee umemtia woga. Mwanamke aliyepanda farasi tangu hajajua kufunga vifungo vyake, leo anaogopa lori la makaa!

Aliudhika, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kugombana, aliudhika kimyakimya, jambo ambalo ni baya zaidi ndani ya gari dogo.

Mwezi wa saba wakawa tena barabarani, mazulia mawili nyuma, chupa ya kinywaji cha nafaka katikati ya miguu ya Janil. Walikuwa wameingia kwenye kipande cha kando ya bwawa, ambako barabara imenyooka kama uzi uliovutwa. Mbele yao lori lilipumua moshi. Orozali alisubiri. Akasubiri tena. Mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Kuna nini mbele?"

"Tulia."

"Nimetulia tangu asubuhi. Nauliza kuna nini."

"Gari linakuja," alisema Janil. "Kubwa."

Orozali akangoja hilo gari kubwa liwapite. Halikupita gari. Upepo tu ulivuka barabara na kupeleka kichaka kikavu bwawani.

"Liko wapi?"

"Limekata kona," alisema Janil.

Orozali akazitazama nguzo za kando ya barabara. Alikuwa amepanda kila nguzo ya umeme kando ya bwawa lile. Aliijua barabara ile kuliko kiganja cha mkono wake, na pale hapakuwa na kona. Kona ya kwanza ilikuwa kilomita nne mbele.

Alimtazama kwa pembe ya jicho. Janil alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, uso umeelekea mbele, macho yamekazwa kama ya mtu anayesoma barua iliyolowa. Akavikumbuka vitu alivyokuwa ameviona bila kuviona. Sindano mpya zenye matundu mapana. Mshono wa zulia jekundu, uliopinda mahali pawili, naye akafikiri ni mtindo mpya. Chai iliyomwagwa kando ya kikombe, na Janil akisema kikombe ndicho kilichosogea.

Hakuwa na woga. Hakuwa anaona. Na kwa kuwa hakuwa anaona, alikataa kusema neno ambalo lingeweza kumuua mumewe. Alhamisi baada ya Alhamisi, huku akichekwa sokoni na kununiwa na mumewe, alichagua "Tulia."

Orozali akaondoa mguu kwenye mafuta. Akabaki nyuma ya lori mpaka Balikchi, mwendo wa lori, vumbi la lori.

Sasa afanye nini? Mwanamume mwingine angepasua jambo palepale: wewe huoni, shuka, nitamketisha mtu mwingine hapo. Lakini Orozali alimjua mkewe. Kile kiti hakikuwa kiti tu. Watoto walikuwa wameondoka, mmoja Urusi, mmoja mji mkuu. Mifugo ilibaki michache. Kilichobaki kikimhitaji Janil kilikuwa mazulia na kiti kile cha kushoto, na vyote viwili vilitaka macho. Ukimwambia amevipoteza, umempokonya. Usipomwambia, atavipoteza kweli.

Siku mbili baadaye, akinywa chai, Orozali alijifikicha macho.

"Macho yangu hayana raha, kikongwe wangu. Yanawasha. Nataka kwenda kwa daktari mjini, Bishkek. Utanisindikiza?"

Janil aliweka birika chini.

"Tangu lini?"

"Tangu... vumbi la makaa hili."

"Nenda na teksi za watu, basi."

"Na kigari changu nikiache kilie peke yake? Tutakwenda nacho. Lakini nakwambia mapema, mimi siku hiyo simpiti mtu. Hata punda. Kwa macho haya siwezi."

Hakujua kudanganya, lakini Janil alikubali kwenda. Safari ambayo wengine huimaliza kwa saa nne iliwachukua saba. Malori yaliwapita, mabasi yaliwapita, na ndani ya korongo trekta lenye nyasi liliwapita, dereva wake akiwapungia mkono kwa huruma. Janil hakuombwa neno hata moja. Baada ya korongo kichwa chake kiliegemea kioo, akalala. Orozali hakuwahi kumwona amelala katika kiti kile.

Daktari wa macho alikuwa msichana mwenye koti jeupe lililomzidi, jina lake Meerim. Alimketisha Orozali, akamsomesha herufi za ukutani hadi mstari wa mwisho, akamwangaza macho, akazima taa yake.

"Baba, wewe macho yako ni ya tai. Nani amekudanganya unaumwa?"

"Haya, basi tusipoteze safari," Orozali alisema haraka. "Mpime na mama huyu. Tumekuja wote."

"Mimi siumwi," alisema Janil.

"Mama, ni dakika tano," alisema Meerim. "Nisomee mstari wa juu."

Janil aliutazama ukuta kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hayo maandishi yaosheni kwanza. Mtu atasomaje uchafu?"

Meerim hakucheka. Alivuta kiti karibu, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akatazama jicho la kwanza, kisha la pili. Ni mtoto wa jicho, alisema, macho yote mawili, na la kushoto limefunikwa karibu lote. Hilo lingefanyiwa upasuaji kesho yake mchana, ni kazi ndogo, angelala hapo hospitalini usiku mmoja. La pili lingesubiri miezi miwili.

Waliketi ukumbini kwenye benchi. Janil alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Ile siku ya kona."

"Kona gani?"

"Ndiyo hiyo. Kona gani?"

Janil akainamisha kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Orozali hakujua kama analia au anacheka, mpaka alipomsikia.

"Niliona lazima niseme kitu. Hilo gari ningelipeleka wapi?"

"Ungelitumbukiza bwawani. Ningeamini kuliko kona."

"Mwongo. Na wewe na macho yako ya kuwasha." Alijifuta kwa ncha ya kitambaa. "Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

"Ningesema, ungemweka nani pale?"

Aliuliza polepole, na Orozali akafahamu kwamba hilo ndilo swali aliloishi nalo tangu theluji ilipoyeyuka.

"Nani? Tashtanbek? Aniambie niende akiwa ameona maziwa ya farasi yanauzwa ng'ambo ya barabara?" Alikohoa. "Nisingemweka mtu. Ningebaki nyuma ya malori. Nishazoea, yana joto zuri."

"Na yasipopona?"

"Basi tutafika kwa kuchelewa. Siku zote. Tutanunua mwavuli wa kivuli."

Janil aliuchukua mkono wa mumewe akauweka juu ya goti lake mwenyewe, mbele za watu, jambo ambalo watu wa rika lao hawafanyi.

Kesho yake akaingia kwenye upasuaji akiwa bado anamfundisha muuguzi namna ya kukunja shuka. Orozali alilala ndani ya gari katika ua wa hospitali, viti vimekunjwa, miguu imefika kwenye mlango wa nyuma. Kumbe kigari kinabeba hata hilo.

Asubuhi iliyofuata, Meerim aliitoa bandeji, akaweka dawa, akampa Janil miwani myeusi na onyo la kutoinama. Janil alitoka mlangoni akasimama juu ya ngazi. Alilitazama gari kwa umbali wa hatua thelathini.

"Orozali."

"Naam."

"Nani amekwaruza mlango wangu?"

Mkwaruzo ule ulikuwa wa majira ya baridi. Nguzo ya lango lao wenyewe.

"Tashtanbek," alisema Orozali.

"Mwongo," alisema Janil, akashuka ngazi bila kushika ukingo.

Orozali aliwasha gari. Binti wa dashibodi akasema jambo lake kwa heshima, Janil akamjibu. Wakasogea hadi lango la hospitali, ambapo kushoto lori la unga lilikuwa limeegeshwa na kumziba asione upande huo wote. Orozali alisimama. Kulia kwake kulikuwa kweupe, hapakusikika honi wala injini. Mguu wake ukaanza kuachia breki.

"Tulia," alisema Janil, macho yake katikati ya magurudumu ya lori.

Akatulia. Akangoja. Hakuona kitu, akangoja tu.

Kisha nyuma ya lori ikatokea ncha ya gurudumu dogo, na gurudumu la pili, na kigari cha kusukumia mtoto kikatoka chote, hakina mtoto ndani, kimejaa sambusa za moto hadi juu, zimefunikwa blanketi linalofuka mvuke. Mwanamke mnene aliyekisukuma alikatiza mbele ya bampa yao bila kugeuza shingo, akaita wateja wake mara moja, akapita.