Nilimpitisha dada mmoja bila ukaguzi, mwizi akaingia kwa jina lake

Wakuu, salama humu? Haya yalinikuta mimi mwenyewe hapa Sydney kipindi cha lockdown. Sijaongeza chumvi.

Nilikuwa IT kwenye kampuni ya kusambaza dawa, ghala liko Wetherill Park. Mimi nafanyia kazi chumbani kwangu Lidcombe.

Zamani ukishaingia VPN tu, ile njia ya kuingia mtandao wa kampuni ukiwa nyumbani, kila kitu kiko wazi. Bosi wangu, mama mmoja asiye na mzaha, akaleta zero trust: mfumo haumwamini mtu. Kila unapofungua kitu unakuhakiki wewe na laptop yako, na unaona cha kazi yako tu.

Watu walinuna balaa.

Dada Consolata, Mrundi wa dispatch, kitengo kinachopangia madereva mizigo, laptop yake kuukuu ikawa inakataliwa kila siku. Akanipigia analia.

"Kaka, mizigo inachelewa, watanifukuza. Nisaidie."

Nikamwonea huruma. Nikaruhusu akaunti yake iingie bila laptop kukaguliwa. Bosi sikumwambia.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, naona akaunti ya Consolata inajaribu kufungua mfumo wa vyumba vya baridi. Huko ndiko inakokaa insulini. Nikampigia.

"Dada, unatafuta nini cold room?"

"Cold room gani? Niko foleni ya kupima covid!"

Wakuu! Kuna mtu ndani, na aliyemfungulia ni mimi.

Nikawaza viza yangu, inategemea kazi hiyohiyo. Nikataka kufuta ile ruhusa kimyakimya.

Akaunti ikajaribu tena.

Nikaifunga, nikampigia bosi, nikasema yote. Akauliza:

"Kuna mwingine uliyempitisha?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

Nilikuwa nao, lakini nikafungua orodha ya ruhusa nikahakiki tena.

Tulikagua hadi jioni. Consolata alibonyeza ujumbe feki wa majibu ya kipimo chake cha nyuma cha covid, akajaza password ya kazi, ikaibwa. Mwizi aliondoka na namba za madereva. Vyumba vya baridi vilimkataa kwa sababu dispatch hawana ruhusa huko. Ingekuwa enzi za VPN, angeweza kuzima baridi, na sijui wagonjwa wangapi wangekosa dawa.

Nilipewa onyo la maandishi. Consolata alipewa laptop mpya kesho yake. Zilikuwepo stoo muda wote, mimi ndiye sikuomba.

Nilichojifunza: ukimhurumia mtu, mtafutie kitendea kazi, usimtobolee ukuta.

Wa IT humu, nani amewahi kumpitisha mtu? Semeni, msiniache peke yangu.