Nilimsifia mume wangu kwa laptop ambayo hakuitengeneza

Admin, nifichie jina tafadhali, humu wamo wanaonijua. Nina miaka 34, mzaliwa wa Tanga, nimeolewa, nina watoto wawili. Tunaishi Bellevue, hapa Johannesburg, chumba kimoja kwenye nyumba iliyogawanywa. Mume wangu nitamwita Baba Rayan. Alikuwa mlinzi kwenye ghorofa moja Hillbrow, mkataba ukaisha, akawa yuko nyumbani tu. Hanywi, hanipigi, hana mambo ya wanawake. Shida yangu ni laptop. Najua mtacheka, ila someni mpaka mwisho.

Nilikuwa nasomea cheti cha ualimu wa watoto wadogo kwa mtandao. Kazi ya mwisho ilikuwa kuandika maendeleo ya watoto ninaowalea kwenye kituo kimoja kule Observatory, wiki kumi na mbili, kila mtoto na ukurasa wake. Bila kazi hiyo hakuna cheti, na bila cheti ningebaki kufua mashuka ya kituo miaka nenda rudi. Wiki ya tisa laptop ikaanza vituko. Naandika, inazima yenyewe. Naiwasha, inaleta kiduara kinazunguka weee, halafu kioo cheusi.

Baba Rayan akasema, "Niachie mimi." Alishatazama video mbili tatu kwenye simu, basi akawa fundi. Akapiga window upya, yaani akafuta kila kitu na kuanzisha mashine kama mpya. Ikawaka. Nikauliza, "Kazi yangu iko wapi?" Akanijibu, "Si umeona imewaka?" Jamani, nilikaa chini nikalia. Kesho yake ikazima tena, naye akapiga window tena. Mara ya tatu akaifungua kabisa kwa kisu cha jikoni, skrubu akazitia kwenye kifuniko cha chupa. Alipoifunga zilibaki mbili. Nikamuuliza za wapi, akasema, "Hizo huwa za ziada." Za ziada! Binti yetu akamwambia kwa Kizungu, maana Kiswahili anasikia tu hajibu, "Papa, just take it to someone." Akanuna siku nzima.

Ningeipeleka kwa fundi waziwazi, lakini mwanaume ambaye ameshapoteza kazi ukimnyang'anya na bisibisi, unambakishia nini? Kwa hiyo alipotoka kwenda kuulizia kazi, nikaitia laptop kwenye begi la nepi za kituo nikaenda Hillbrow kwa fundi Mkongo asiyemjua mume wangu. Yule kaka aliifungua, akashika kichwa. "Mama, ni nani alifungua hii?" Nikasema sijui. Akacheka. "Eish. Kwanza ilikuwa na vumbi tu kwenye feni, inapata moto, inajizima. Sasa amefunga skrubu murefu pahali pa mufupi, inasukuma ubao wa umeme kwa chini. Na hii window, anaiweka juu ya kazi yako kila mara. Akirudilia tena, hata mimi sitapata kitu." Akaitengeneza, na kazi yangu akaokoa karibu nusu. Iliyobaki niliandika upya kwa kumbukumbu, nikatuma siku ya mwisho. Nilifaulu, alhamdulillah.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Siku ile nilipotoka kwa fundi, nilirudisha laptop mezani kimyakimya. Baba Rayan aliporudi akabonyeza, ikawaka fyuu. Akaruka! "Si nilikwambia? Nilijua itakubali tu!" Miezi minne sijamwona akicheka namna ile. Nikasema, "Hongera, mume wangu." Ningeishia hapo isingekuwa neno. Lakini mimi na mdomo wangu nikaingia kwenye kikundi chetu cha akina mama cha simu nikaandika kwamba mume wangu ameiponya laptop iliyoshindikana, mwenye shida amletee. Nilitaka apate heshima kidogo kwa watu. Mwongo mkubwa mimi.

Wakaja. Laptop ya kwanza ilikuwa ya kijana wa saluni, akapiga window, bahati haikuwa na kitu cha maana ndani. Ameshanunua bisibisi ndogondogo za seti na jina la biashara anatafuta. Jana akaja Mama Neema, jirani yetu wa chumba cha uani, mjane kutoka Bukavu. Ameleta kompyuta, mwenyewe anaiita ordinateri, ya marehemu mumewe, haiwaki. Akaniambia mbele ya mume wangu, "Dada, mapicha ya baba ya watoto yote iko mule. Na makaratasi yetu ya interview ya asylum, ile ya ukimbizi. Hakuna pahali pengine." Baba Rayan akamjibu, "Sharp, haina shida, Mama Neema. Kesho tu hiyo."

Nilimvuta pembeni nikamwambia awe mwangalifu na picha za watu. Akaniangalia kama nimemtukana. "Ya kwako si niliitengeneza mimi?"

Wale wa "muache huyo mwanaume" piteni kushoto, sijaomba talaka. Nikimwambia ukweli, ndiyo nimemvunja, na atajua nilimficha siku zote hizi huku nikimpigia makofi. Nikimtonya Mama Neema, mpaka jioni kikundi kizima kitakuwa kinamcheka mume wangu. Nikiiba mashine niipeleke kwa yule fundi, atasifiwa tena, na wiki ijayo italetwa nyingine.

Asubuhi nilimuuliza Mama Neema kama hataki kwanza kuipeleka kwa mafundi wa mjini. Akanishika mkono. "Hapana, dada. Kule wataniibia. Huku niko na amani, sababu ni weye ulimushuhudia."

Baba Rayan ameenda kuswali Adhuhuri. Bisibisi kaziacha zimepangwa mezani pembeni ya ile mashine. Ndugu zangu, niambieni haraka: akiingia mlangoni, naanza na neno gani?