Foto ya Mama Prezida juu ya kila ukurasa

Bandugu, leo nimezika muntu iko hai, na ordinateri, kompyuta yangu mwenyewe.

Mi njo natengeneza portali ya internet ya bashonaji ba hapa kambi ya Dzaleka, Malawi, ili bateja ba Lilongwe baagize nguo kwa simu.
Juu kabisa nilikuwa nimepanga jina la kikundi, namba na menyu ya nguo. Safi!

Mama Prezida wa kikundi akakataa.
"Kiongozi hakai nyuma ya masketi. Weka foto yangu pale juu."
"Mama, kitu cha pale juu kinatokea kwa kila ukurasa."
"Njo vizuri!"

Foto yenyewe ni ya paseporti, haina rangi, hacheki hata kidogo. Akataka na kadre nyeusi kuzunguka foto yote. Na majina yote matatu chini yake. Menyu ikashuka mpaka kule hakuna muntu anafika.
Tumebishana asubuhi yote. Nikachoka, nikaweka.

Saa nane simu inalia. Ni mama mumoja wa Area 23 kule Lilongwe, mteja wetu, anaongea polepole:
"Poleni sana. Nimeona tangazo. Mazishi ni lini?"

Mama Prezida iko pembeni yangu, anakula nsima. Amesikia yote.

Mi nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Sasa menyu yangu itarudi juu!

Akanawa mikono, akaniangalia.
"Toa yangu. Weka ya makamu wangu."

Sasa huyo baba makamu amekuja, amevaa koti na tai, anauliza kadre yake itakuwa ya rangi gani.
Bandugu, nimujibu nini?