Tyubu ya Inchi Ishirini na Tisa

Baba mdogo wangu akiyasoma haya atajijua, hata kama sikumtaja. Na ajijue. Jambo hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu, na kila nikiligusa nalikuta bado lina moto. Kwa hiyo nimeamua kuliandika lilivyo, bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Nyumbani kwetu Nyamasaria, pembeni mwa mji wa Kisumu, tulikuwa watu watatu na baiskeli nne. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha samaki kando ya ziwa. Alikwenda kazini kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli, akinuka grisi na samaki wa mbuta. Jumamosi tulipanda vilima vya Kajulu, mimi na yeye, na Mama akatungoja chini na saa ya mkono ya Baba, akiandika dakika zetu nyuma ya daftari lake la kwaya. Majirani walituona tumerukwa na akili. Mtu mzima na binti yake wa miaka thelathini wanapanda mlima, wanageuka, wanashuka, na huko juu hawakutumwa na mtu. Kwenye mbio za baiskeli za mlimani, zile zinazofanyika huku kwetu mara mbili tatu kwa mwaka, tulijulikana kama familia ya wendawazimu watatu, na jina hilo lilitufaa.

Mazungumzo ya mezani kwetu yalikuwa matairi. Tairi pana au jembamba, upepo mwingi au kidogo, breki ya waya au ya diski. Baba hakupenda vitu vinavyong'aa. Alisema mlima wa Kajulu haujali rangi, unajali miiba. Na miiba ya kule ni ya kweli: mirefu, myeupe, migumu, na mbuzi wanaishusha njiani wakila majani. Mtu anayeshindana Kajulu hashindani na wenzake kwanza.

Ndiyo maana aliponunua ile baiskeli ya alumini, ya mtumba, magurudumu ya inchi ishirini na tisa, hakuanza na gia wala breki. Alianza na magurudumu. Alizifungua spoki zote akazipanga upya yeye mwenyewe, Jumamosi mbili mfululizo, amekaa kwenye stuli nyuma ya nyumba, akigonga kila spoki kwa msumari na kusikiliza mlio wake. Kisha akayafunga matairi bila tyubu ndani, akatia kile kimiminika cheupe kinachoziba tundu chenyewe mwiba unapoingia. Sisi tulikiita maziwa. Kazi ya kutia maziwa ilikuwa ya Mama, kwa bomba la sindano ya ng'ombe alilolinunua kwenye duka la dawa za mifugo. Alikuwa na mkono mtulivu, hakumwaga hata tone. Jambo moja tu kuhusu maziwa: kwa joto la Kisumu hukauka. Baada ya miezi michache lazima utie mengine. Ili kujua kama yamo, unalinyanyua gurudumu, unalitikisa karibu na sikio, na unasikia yakicheza ndani.

Baiskeli ile ilikuwa yangu. Nataka lieleweke hilo. Fremu ilikuwa ndogo na Baba alikuwa mrefu. Akiipanda, magoti yalikaribia kugonga usukani. Aliichagua kwa kupima miguu yangu. Kwenye nguzo ya kiti alichora mistari miwili kwa msumari, wa juu wake kwa siku za kuijaribu, wa chini wangu. Lakini kwenye fremu, kwa rangi nyekundu, alimwambia mchoraji wa mabango aandike jina lake yeye. Nilipomuuliza, alisema baiskeli yenye jina la mwanamke hapa mjini haimalizi wiki, wezi wataifuata kama inzi. Tulicheka. Lilikuwa wazo zuri, na ndilo lililoniponza.

Baba alianguka kazini na hakuamka. Moyo, walisema. Mama alikuwa ametia maziwa mapya wiki mbili kabla.

Tulimzika kijijini, na siku za matanga zilipokwisha, watu wa ukoo wakakaa kwenye viti vya plastiki kugawa vitu vya marehemu. Huo ndio utaratibu wetu na sina ugomvi nao. Koti lilikwenda kwa mjomba, redio kwa binamu, viatu kwa aliyeweza kuvivaa. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na wanawake wengine, na nilijua baiskeli, ingawa ililetwa kijijini pamoja na vitu vyake, haimo kwenye mgao, kwa sababu haikuwa yake. Kisha baba mdogo akasimama. Huyu ni ndugu wa Baba anayemfuata, anakaa mtaa wa Milimani, ana nyumba yenye lango la umeme na magari mawili, na mpaka siku ile sikuwahi kumwona juu ya baiskeli. Aliishika usukani, akapitisha kidole juu ya lile jina jekundu polepole ili wote wasome.

"Hii nitakaa nayo mimi," alisema. "Ya kumkumbuka ndugu yangu."

Nilisema ni yangu. Nilisema kwa sauti. Mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba jina ni lile linaloonekana, na kwamba mtoto wa kike hagombani na baba yake mdogo mbele ya kaburi bichi. Mama alikuwa kimya. Nilimkasirikia kwa ule ukimya, nikamkasirikia kwa miezi. Baiskeli ikafungwa nyuma ya gari na kuondoka, na mimi nikabaki na ya zamani ya chuma, ya inchi ishirini na sita, nzito kama mzigo wa kuni.

Laiti angeiweka ghalani tu, pengine hasira ingepoa. Lakini aliipenda. Alinunua kofia ya kuendeshea, miwani, na ile suruali ya kubana. Akaanza kuipakia kwenye gari kila Jumapili baada ya ibada na kwenda nayo Kajulu. Wenzetu wa mbio waliniletea habari, wengine kwa huruma, wengine kwa uchokozi. Walisema anajigamba kwamba matairi yake hayatoboki. Wao wanachomoa miiba na kubandika viraka, yeye anapita tu. Mwanzoni alidhani ni ubora wa tairi. Kwa miezi sita alikuwa akiendesha juu ya kazi ya mikono ya Mama, na hakujua.

Mwezi wa saba tangu mazishi alitualika kwake kwa chakula cha shukrani. Watu walipokuwa wakila nilitoka, nikaingia gereji. Ilikuwa imeegemezwa ukutani kati ya magari mawili, safi, kiti kimepandishwa juu kupita mistari yote miwili. Nililinyanyua gurudumu la mbele, nikalitikisa karibu na sikio. Kimya. La nyuma, kimya. Maziwa yalikuwa yamekauka kabisa, na mbio za Kajulu zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu.

Ningeweza kumwambia. Sentensi moja tu ingetosha, na kwetu baba mdogo naye huitwa Baba: Baba, tia maziwa. Nilirudi mezani, nikamwongezea maji kwenye glasi, nikamuuliza mazoezi yanakwendaje. Akasema yanakwenda vizuri sana. Nililala usingizi mtamu siku ile, sitadanganya.

Nikaanza kujiandaa. Ile ya chuma sikuweza kuipunguza uzito, kwa hiyo niliuongeza. Nilichukua matairi yaliyokwisha, nikakata kingo zake zenye waya, nikayalaza ndani ya matairi mazima, tyubu juu yake, kama wafanyavyo watu wa boda wa baiskeli. Inakuwa nzito ajabu, lakini mwiba wa Kajulu hauipenyi. Kisha nikaenda mjini nikanunua tyubu moja mpya ya inchi ishirini na tisa. Aliyeniuzia aliitazama baiskeli yangu akasema hiyo haitanifaa. Nikamwambia najua.

Nieleze vizuri kwa nini niliinunua, maana hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Nilitaka atakaponiomba nimnyime. Kama sikuwa nayo, ningekuwa nimemkosea nini? Nilitaka kuwa nayo mgongoni, kwenye mfuko wa jezi, imefungwa na raba yake, na nimwache.

Siku ya mbio wote tulianzia pamoja, wanaume na wanawake. Alinipungia mkono. Kupanda kulinitoa roho. Alinipita mapema na kupotea mbele, na ile ya chuma ililia kila nilipokanyaga. Sikumfukuza. Nilijua njia inageuka wapi kuingia kwenye vichaka vya mbuzi.

Nilimkuta muda mfupi baada ya kuanza kuteremka, amepiga magoti kando ya njia, anapiga pampu kama mtu aliyeishiwa. Upepo uliingia na kutoka. Tairi la nyuma lilikuwa limekaa chini kabisa na miiba imesimama juu yake. Jasho lilimchuruzika hadi kwenye miwani. Nilisimama. Nilihakikisha nimesimama.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "hii kitu imekataa. Uko na tyubu?"

"Yangu ni ishirini na sita, Baba," nikamwambia. "Kwako haiwezi ingia."

Haukuwa uongo, ukiitazama baiskeli niliyoikalia. Alinitazama kwa muda na nikamtazama, na uso wake wakati ule ulikuwa wa Baba kabisa, kwenye nyusi, jambo ambalo sikulitarajia na lilinikera. Nikakanyaga nikaenda. Mgongoni niliisikia ile tyubu ikinigonga kila nilipopita juu ya jiwe.

Nilikuwa mwanamke wa nne, na sikujali. Nilikaa kwenye nyasi za uwanja wa shule, mahali pa kumalizia, nikingoja aje akiikokota mbele ya watu wote. Hicho ndicho nilichokitaka, aonekane anatembea. Lakini sikuwa nimemjua vizuri. Tulimsikia kabla hatujamwona. Mlio wa chuma juu ya mawe, wa kukwaruza, wa kuumiza meno. Alikuwa ameona aibu kutembea, akaipanda hivyo hivyo bila upepo na kuteremka mlima mzima juu ya rimu. Tairi lilikuwa limechanika na kujikunja, rimu imepondeka pembe kama sufuria iliyoangushwa, na spoki saba au nane zimekatika na kuning'inia. Watu walicheka. Mimi sikuweza. Ndizo zile spoki za stuli na msumari.

Jumapili iliyofuata aliirudisha mwenyewe, juu ya gari. Alisema vitu vya marehemu ni vibovu, vinaweza kumuua mtu. Mama alimshukuru, akampa chai na mandazi, akamsindikiza hadi kwenye gari.

Alipoondoka nilikaa chini nyuma ya nyumba na lile gurudumu mapajani nikalia sana. Baiskeli yangu ilikuwa imerudi, na kazi ya mikono ya Baba iliyokuwa ndani yake nilikuwa nimeivunja mimi. Mama akatoka na beseni la kufulia. Alikuwa ameitoa ile tyubu kwenye mfuko wa jezi yangu, raba yake bado imefungwa. Akaiweka juu ya stuli. Sikujitetea. Nilimwambia yote, gereji, maziwa yaliyokauka, jinsi nilivyosimama mbele ya baba mdogo nikakana. Nilitegemea aniambie twende tukamwombe radhi, kwa sababu ni mtu wa kanisa na kuna siku amenitembeza hadi Nyalenda kumwomba radhi mwenye kibanda niliyemtupia neno.

Aliisuuza jezi, akaikamua taratibu.

"Alinipigia simu, kitambo kabla ya mbio," alisema. "Aliniuliza marehemu alikuwa anafanya nini ndio tairi isitoboke."

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia alikuwa anaomba kabla ya kupanda." Akaanika jezi kwenye kamba. "Na si uongo. Alikuwa anaomba."

Kumbe ule ukimya wake wa kwenye matanga haukuwa wa kukubali. Nilicheka hadi nikaanza kulia tena. Mama hakucheka. Aliingia ndani, akaleta spana ya spoki, na tukakaa hadi jioni tukizifungua moja moja, nzima tukiweka upande huu na zilizokatika upande ule. Nzima zilikuwa ishirini na nne. Zote zimo kwenye gurudumu jipya. Kiti nimekiteremsha hadi kwenye mstari wangu, na Mama ndiye anayetia maziwa.

Sijamwomba radhi baba mdogo, na sidhani nitamwomba. Rimu iliyopondeka tumeitundika sebuleni, kwenye ukuta unaotazamana na kiti cha wageni. Huja kila Krismasi kutusalimia. Mama ndiye humwonyesha pa kukaa.