Nakala Yenye Muhuri

Mzee Kizimba hakujua kusoma kitabu, lakini masikio ya panya aliyasoma bila miwani. Miaka thelathini na moja alifanya kazi katika nyumba ya panya, nyuma ya maabara ya kinga ya mwili. Asubuhi alizoa maranda machafu, akaosha vizimba kwa maji ya moto, akatia maranda mapya, akabadilisha chupa za maji. Ndiko lilikotoka jina. Lile alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho.

Mke alimpata humo humo. Alikuwa fundi wa maabara, mfupi, shoto, mwenye ulimi. Siku ya kwanza alimwambia kwamba maranda yake yana unyevu, panya watapata kikohozi. Yeye akajibu kwamba panya hawajalalamika.

"Watalalamikaje," mwanamke akasema, "na mwenyekiti wao ndiye wewe?"

Mwaka haukuisha wakaoana.

Mkuu wa maabara alikuwa Profesa. Wafanyakazi walimwita Mkono Mfukoni, maana hakuna aliyewahi kumwona ameshika panya. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akauliza wamekufa wangapi, akaambiwa, akaenda zake.

Sasa jambo la kizimba cha kumi na saba. Panya mmoja alikufa akaacha watoto sita, hawajaota hata manyoya. Kanuni ilisema watoto wa namna hiyo nao wauawe. Mke wa Mzee Kizimba akawaonea huruma. Akawasugua kwa maranda ya kizimba kingine ili wanuke kama wenyeji, akawaweka kwa mama mwingine, panya aliyekuwa ameugua akapona. Miezi mitano baadaye ugonjwa ule ukaingizwa kwa makusudi, kama kazi ilivyotaka. Panya wa rika lao walikufa wote. Wale sita walibaki wanakimbizana. Kinga waliyonyonya ilikuwa imekaa mwilini muda mrefu kuliko vitabu vilivyosema.

Akaandika kila kitu daftarini, akampelekea Profesa. Profesa alicheka, akasema fundi akianza kufikiri vyombo huvunjika. Baada ya mwezi akamwita arudie. Akarudia, na kurudia, miaka miwili. Yeye alitia alama, yeye alipima damu, yeye alikaa na Profesa akimsomea daftari mstari kwa mstari.

Makala ikatoka katika jarida kubwa la ng'ambo. Majina yalikuwa matatu: la Profesa, la rafiki yake, na la mtu ambaye hakuwahi kukanyaga nyumba ya panya. Mwishoni, kwa herufi za mchwa, walishukuriwa wafanyakazi wa maabara kwa msaada wao. Mke aliisoma kwa sauti jikoni, akaiweka juu ya kabati, akarudi kumenya vitunguu. Siku hiyo alimenya vitunguu vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba.

Binti yao, muuguzi, ndiye aliyemweleza baba yake maana ya kunukuliwa. Mtaalamu akiandika jambo akasema hili nimelipata kwa fulani, fulani huyo amenukuliwa. Wapo wanaohesabu. Anayenukuliwa sana hupanda cheo, huitwa mikutanoni, hujengewa maabara. Makala ya kizimba cha kumi na saba ilikuwa imenukuliwa mara elfu nne na mia mbili.

Mzee Kizimba akauliza katika hizo elfu nne mke wake katajwa katika ngapi. Binti akasema hata moja.

Tangu siku hiyo chuki ikapiga kambi. Hakuizungumza. Aliilisha tu, kila siku, kwa kipimo, kama alivyolisha panya.

Mke akaugua figo, akaacha kazi kabla ya wakati, katikati ya jaribio la dawa mpya. Panya walikuwa bado hai, nusu wamechomwa sindano ya dawa, nusu hawakuchomwa. Daftari likabaki kwa Profesa. Mwaka uliofuata ikatoka makala ya pili, ya Profesa peke yake, ikisema dawa ile inaamsha kinga ya mwili maradufu. Binti alimletea mama yake kitandani. Mama akaisoma, akarudia jedwali la namba za panya, akamwita mumewe.

"Huyu mtu," alisema, "amesoma masikio yangu kinyume."

Mzee Kizimba alielewa pale pale. Panya hupewa namba kwa kukatwa mapengo masikioni. Mafundi wengine wote huweka mamoja sikio la kulia, makumi sikio la kushoto. Mkewe, kwa kuwa shoto, alimshika panya kwa mkono wa kulia, na sikio lililoanza kufika kwenye mkasi lilikuwa la kushoto. Kwake mamoja yalikuwa kushoto. Panya wake wa kumi na mbili, akishikwa na mtu mwingine, alisomeka ishirini na moja. Hakuliandika popote. Nyumba ya panya ilikuwa na watu wawili, na wote wawili walijua. Alipoondoka, Profesa alimtuma fundi mgeni akasome. Waliochomwa dawa na wasiochomwa wakabadilishana viti, na dawa inayoshusha kinga ikaonekana inaipandisha.

Mume alicheka. Alisema mwache aanguke, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mke akamkatalia. Watu watadungwa dawa ile kwa sababu ya karatasi hii, alisema, akaomba kalamu. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaeleza habari ya masikio, akatoa nakala. Akamwagiza mumewe aipeleke kwa mkono wake na asirudi bila muhuri kwenye nakala. Mzee akaipeleka. Katibu muhtasi akagonga muhuri wa kupokea, tarehe na saa.

Jibu halikuja. Wiki ya pili mke alipiga simu, akaambiwa Profesa ana wageni. Wiki ya sita akafariki. Profesa hakuja mazikoni. Alituma ujumbe kwenye simu ya binti, nao ulianza: "Wapendwa wafanyakazi wote."

Ikapita miezi minne. Jumatatu moja Profesa akaja nyumbani, mwenyewe, bila dereva. Akakaa ukingoni mwa kochi. Alitoa pole ndefu, akamsifu marehemu, akafika kwenye shida yake. Maabara mbili za nchi za mbali zilikuwa zimerudia jaribio la dawa, zikapata kinyume. Jarida lilitaka maelezo. Alhamisi kamati ingekaa. Lakini yeye, alisema, amekuja kumtendea haki marehemu. Anataka jina lake litangulie katika makala ile ya pili, mbele hata ya jina lake yeye. Fomu ilikuwa tayari. Familia iweke kidole tu.

Mzee Kizimba moyo ulimruka. Jina la mke wake, mbele. Profesa alikuja hata na wino. Mzee akachovya kidole gumba.

Binti alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka zamu, na sare bado mwilini. Akasalimia, akaichukua fomu, akaisoma amesimama.

"Baba, futa kidole."

"Kuna nini?"

"Inasema mama ndiye aliyetia alama, mama ndiye aliyesoma, na makosa yote ya namba ni ya mama. Jina hili anampa kwenye mtumbwi unaozama."

Mzee Kizimba alifuta kidole kwenye suruali, polepole, mpaka kikatakata. Kisha akauliza kama Profesa aliisoma ile barua.

"Barua ipi, Mzee wangu?"

"Yenye muhuri wa ofisi yako. Nakala ninayo."

Profesa alikifunga kichupa chake cha wino. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. Alisema makala ya pili ataifuta mwenyewe, hilo halina mjadala, hakuna mgonjwa atakayeguswa na dawa ile. Ila iwe kosa la kibinadamu, la mtu ambaye hakujua. Wakijua alionywa akanyamaza, amekwisha. Kwa hiyo wakubaliane. Ile makala ya kwanza, ya kizimba cha kumi na saba, ataliandikia jarida na kukiri kwamba aliyegundua ni marehemu. Jina lake litawekwa la kwanza. Barua ataisaini kabla ya kikao.

"Nipe nakala ile, Mzee," alisema. "Mimi nitampa alichostahili."

Mzee akamjibu kwamba watakutana Alhamisi.

Siku tatu binti alimsihi. Alisema hii ndiyo haki yenyewe, haitakuja mara mbili. Wajukuu watasoma jina la bibi yao. Kila atakayenukuu atamtaja yeye kwanza, huko na huko, hata watu wasiojua nchi hii iko wapi. Mzee alimsikiliza. Yote aliyosema yalikuwa kweli.

Alhamisi alivaa koti la harusi, likambana mabega. Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu na watu watatu wa kamati, mwenyekiti akiwa mama mmoja wa makamo mwenye miwani shingoni. Mzee aliitwa kama shahidi wa nyumba ya panya, binti akakaa nyuma yake. Akaeleza masikio, akionyesha kwa masikio yake mwenyewe: huku mamoja, huku makumi. Mjumbe mmoja alitabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu, aliandika.

Profesa akasema ameumia sana. Alisema laiti angejua. Mbele yake palikuwa na bahasha nyeupe, nayo haikuwa imefungwa, barua imechomoza, na Mzee aliiona saini chini yake.

Mwenyekiti akageuka.

"Baba, kuna mtu aliyemweleza Profesa habari hii kabla?"

Angeweza kusema hajui. Mtu asiyejua kusoma huruhusiwa kutojua mengi. Profesa aliisukuma bahasha mbele kidogo, kwa kidole kimoja, kama mtu anayemtilia panya chakula.

Mzee Kizimba akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa nakala, akaiweka mbele ya mwenyekiti.

"Mke wangu," alisema.

Mama yule alivaa miwani. Alisoma barua, akasoma muhuri, akasoma tarehe mara mbili, akampa jirani yake. Profesa aliichukua bahasha yake, akaichana mara mbili, akavikusanya vipande asiache hata kimoja mezani.

Haikuchukua mwezi. Makala ya pili ilifutwa, na jarida likaandika sababu: mwandishi alionywa kwa maandishi akanyamaza. Profesa akaondolewa katika maabara, mikutano ikaacha kumwita. Makala ya kwanza ikabaki na majina yake matatu. Binti aliwaendea wanakamati kuuliza. Wakamwambia madaftari ya zamani yalichomwa siku maabara ilipohamia jengo jipya, na bila Profesa kukiri hakuna wa kuthibitisha.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alhamisi yenyewe walirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima binti alitangulia hatua kadhaa mbele. Alipasha chakula, akamwekea baba yake mezani, akabaki amesimama.

"Mama angechagua jina," alisema.

"Angechagua jina," Mzee akakubali. "Mama yako alikuwa mwema kuliko mimi. Lakini aliyebaki ni mimi."

"Na hujutii?"

Alifikiri, kwa sababu hakutaka kumdanganya mtoto wake.

"Ulimwona Profesa uso?" akauliza.

Binti akasema alimwona.

"Basi."

Akavuta sahani. Tangu mazishi alikuwa akidonoa kama kuku mgonjwa. Siku hiyo alikula mpaka akaisafisha sahani, akaomba nyingine.